Mguu wa Mwalimu wa Hesabu

Shangazi yangu alitutangulia miezi minne iliyopita, na bado kuna watu wanaandika kwenye duka letu la mtandaoni wakimsalimia. "Bi Soli hajambo?" Wengine nawajibu, wengine nashindwa. Basi nimeona niandike habari zake mara moja, anayemuulizia asome, na mimi nimshukuru Mungu kwa kalamu kama ninavyomshukuru kwa kinywa.

Alikuwa fundi viatu. Kazi hiyo alifundishwa na mumewe, na mume alipofariki watu walidhani angefunga kibanda. Hazikupita wiki mbili akawa ameketi kwenye kigoda kilekile, ameshika nyundo ileile. Makubazi yake ya ngozi yalidumu hata wateja wakalalamika kwamba hawapati sababu ya kununua mengine.

Alikuwa na utaratibu wake, na hakuna aliyeweza kumtoa hapo. Hakumuuliza mtu namba ya kiatu. Ukifika alikutandikia karatasi ya kaki sakafuni, anakwambia, "Kanyaga," halafu anauzungushia mguu wako penseli, polepole, akipita kila kidole. Juu ya karatasi aliandika ni mguu wa nani: Muuza Maziwa, Mama Pacha, Mwalimu wa Hesabu. Kisha anaitundika msumarini. Ukimuuliza kwa nini asitumie namba kama wenzake, anajibu, "Namba ni ya nyumba. Mguu una mwenyewe."

Halafu magoti yakamwasi. Mwendo wa robo saa kwenda sokoni ukawa wa saa nzima, na siku moja alikaa kwenye ngazi za duka la dawa akashindwa kuinuka. Kibanda kikachukuliwa na mwingine. Vifaa tukavirudisha chumbani kwake, chini ya dirisha. Wateja wachache walimfuata, wengi wakapotea.

Baba yangu, ambaye ni kaka yake mkubwa, akaja na uamuzi.

"Mdogo wangu, umefanya kazi ya kutosha. Njoo ukae kwangu. Vifaa tutampa fundi mwingine."

"Nikae kwako nifanye nini?"

"Ukae tu. Utakula, utasali, utalala."

"Hata maiti analala, kaka. Tena hasumbui mtu."

Baba hakucheka. "Nakupa mpaka mwisho wa mwezi. Wateja wasipopatikana, nakuja na mkokoteni."

Shangazi hakuwa mtu wa machozi, ila niliona mkono wake umekwenda juu ya nyundo ukabaki hapo, kama mama aliyemshika mtoto kwenye msongamano. Baba alipoondoka nikamweleza habari ya duka la mtandaoni.

"Duka lisilo na mlango?"

"Mlango ni simu, shangazi."

"Na mteja anakanyaga wapi?"

Swali hilo nililicheka. Laiti ningelijibu.

Mimi ni karani wa shule, na kompyuta nimezijulia kazini. Tuliyapiga picha makubazi dirishani, juu ya shuka jeupe, kwenye mwanga wa asubuhi. Picha ya kwanza iliingia kidole changu, ya pili jirani akachungulia. Shangazi aliyapaka mafuta na kuyapanga kama watoto wanaopelekwa harusini. Tukaandika jina, bei na maelezo. Ikabaki sehemu ya saizi, na mimi saa ya kazi imefika.

"Hapa unaandika saizi tulizonazo," nikamwambia, "halafu unabonyeza hapa penye kijani."

"Nenda, mwanangu. Mimi si mtoto."

Nilipolifungua duka wakati wa mapumziko, nusura nimwage chai kwenye daftari la mahudhurio. Chini ya picha paliandikwa: Chagua saizi. Mguu wa Muuza Maziwa. Mguu wa Mama Pacha. Mguu wa Mwalimu wa Hesabu. Mguu wa Fundi Bomba (mpana).

Watu walikuwa wameshaona. "Wa Mama Pacha ndiyo miguu minne?" aliuliza mmoja. Mwingine akaandika, "Mimi hesabu nilifeli, naruhusiwa?" Nikakimbilia kufuta, lakini oda tatu zilikuwa zimeingia, zote za Mguu wa Mwalimu wa Hesabu. Nadhani walilipenda jina tu.

"Umeona?" shangazi akaniambia kwa furaha. "Kumbe mwalimu anajulikana hata huko!"

Sikuwa na moyo wa kumkatisha tamaa. Tukatuma.

Baada ya siku sita jozi zote tatu zilirudi. Mteja mmoja aliambatanisha kikaratasi: "Huyo mwalimu wenu ana mguu wa mtoto." Baba alipata habari. Aliuliza tu leo ni tarehe ngapi.

Shangazi alikaa na jozi moja mapajani kwa muda mrefu. Nilidhani anahuzunika, kumbe anasoma. Alilielekeza kubazi dirishani, akapitisha kidole gumba juu ya ngozi ya ndani.

"Huyu alivaa siku nzima kabla ya kurudisha, mjanja huyu. Kidole chake cha pili kimekipita cha kwanza. Na anakanyagia upande wa nje." Akaniangalia. "Mimi nilikuuliza mteja anakanyaga wapi."

"Yuko mbali, shangazi."

"Karatasi hana? Penseli hana? Akanyage hukohuko kwake, apige picha, alete."

"Picha haionyeshi ukubwa. Kwenye simu mguu wa mtoto na wa mtu mzima ni sawa."

Akatandika karatasi moja sakafuni. Kisha akanyoosha mkono jikoni, akachukua kiberiti, akakiweka kwenye karatasi, kando ya mguu wa Fundi Bomba.

"Sasa je?"

Mimi nimefika kidato cha nne, yeye hakumaliza hata darasa la tano, lakini siku hiyo mwanafunzi nilikuwa mimi. Niliwaandikia wale watatu kuwaomba radhi: weka karatasi chini, kanyaga, zungushia penseli, weka kiberiti kando, piga picha kutoka juu. Mkuu wa shule aliniruhusu kutumia mashine ya fotokopi baada ya kazi, kwa karatasi zangu mwenyewe. Nilichapa picha nikaikuza kidogo kidogo, mpaka kiberiti cha kwenye karatasi kikalingana na cha mkononi mwangu. Kikilingana, na mguu nao umekuwa mguu. Mmoja ulizidi karatasi, nikaungia kipande kwa gundi.

Wawili walipokea makubazi mapya wakanyamaza kwa siku mbili, halafu wakawaambia ndugu zao. Wa tatu mpaka leo hajajibu. Dukani tukaacha saizi moja tu: Mguu Wangu Mwenyewe. Waliokuja kucheka wakabaki, na picha zikaanza kuingia, miguu juu ya vigae, miguu juu ya udongo, mmoja na unyayo wa paka pembeni.

Mwisho wa mwezi ulikuwa Jumamosi. Baba akaja kweli, na mkokoteni na mwenye mkokoteni. Akasimama mlangoni. Ukuta mzima ulikuwa miguu, na chini yake vifurushi kumi na kimoja vilivyofungwa, vinangoja kupelekwa stendi. Shangazi hakuinuka.

"Kaka, vua kiatu."

"Nimekuja kwa kazi nyingine."

"Naijua. Vua."

Akavua. Soksi ilikuwa na tundu, akakunja kidole kulificha. Miaka yote ile hakuwahi kumpa dada yake mguu wake aupime. Alivaa viatu vya dukani na kusema vinamtosha. Shangazi akauzungushia penseli, na alipofika kwenye uvimbe ulio kando ya kidole gumba akapunguza mwendo.

"Hivi ndivyo unavyotembea siku zote, kaka? Pole."

Baba alitazama dari. Alitazama muda mrefu kuliko dari ile inavyostahili.

Mkokoteni haukurudi mtupu. Ulibeba vifurushi mpaka stendi, na baba akitangulia mbele kusimamisha magari.

Mungu alimpa shangazi miaka miwili mingine ya kazi. Niliomba zaidi, sitadanganya, lakini hiyo ndiyo aliyotupa, na ilikuwa imejaa. Kila nikitoka shuleni nilikaa kwenye kigoda cha pili nikijifunza kukata, kisha kushona. Aliugua siku tisa tu. Asubuhi ya mwisho aliomba nimpelekee kitandani kubazi la kulia la muuguzi mmoja wa mji wa mbali. Akalishona mpaka mwisho, akakata uzi kwa meno, akalala. Hakuamka. Ahsante Mungu kwa kumchukua akiwa amemaliza alichokishika.

La kushoto nililishona mimi baada ya mazishi, machozi yakidondokea ngozi, jambo ambalo angelikataza kwa sababu chumvi huacha doa. Nikamwandikia muuguzi ukweli: la kulia ni la Bi Soli, la kushoto ni langu.

Akajibu: "Poleni sana. Mungu amlaze pema. La kulia nimelisahau mguuni. La kushoto linabana kidogo."

Nilicheka peke yangu, mara ya kwanza tangu msiba, kisha nikamwomba alirudishe. Limefika jana. Nimelielekeza dirishani, nimepitisha kidole gumba ndani, na nadhani nimeona anakokanyagia.