Nilivyomwitikia Papa kule Mbau

Nilipokuwa mtoto, Noeli kwetu haikuwa Noeli mpaka tuwe tumefika Mbau, kwa mama yake Papa. Sisi tulikaa Bulengera, mjini Butembo, ambako Papa alikuwa na atelie ndogo ya useremala. Konje, yaani likizo ya shule, ikianza tu, Mama alifunga nguo zetu katika kitenge, tukapanda gari la mizigo, tukakaa juu ya magunia, tukapita Beni hadi kwa Mukaka. Ndivyo sisi Wanande tunavyomwita bibi. Papa hakukubali sababu yoyote ya kutokwenda. Alisema kazi inaweza kungoja, lakini mzazi hatakungoja siku zote.

Mwaka ninaousimulia, vita ilikuwa imekaa kwetu kama mgeni asiyeaga. Papa alikuwa anamalizia viti vya kanisa, akatutanguliza mimi, Mama na mdogo wangu.

"Nitabafuata," alisema. "Mumwambie mama yangu anichungie jogoo ya Noeli."

Siku tuliyomtarajia ikapita. Iliyofuata alikuja Mzee Saidi, mfanyabiashara wa Beni, mwenye gari ambalo Papa alipaswa kupanda. Alikuja kwa pikipiki, akavua kofia yake, akakataa kiti.

"Mama," alimwambia Mukaka, "gari yangu bameikamata katikati ya Butembo na Beni. Bameichoma. Batu bengine bamekufa, bengine bamekimbia mu pori. Mutoto yako alikuwa ndani. Nimekuta tu begi yake."

Akalitoa. Ndani mlikuwa na msumeno wa Papa na kitenge kipya cha Mukaka, bado kimekunjwa. Mama alipouona msumeno alifungua kinywa kulia. Mukaka akakiziba kwa kiganja chake.

"Hapana lia, mutoto yangu. Umeona maiti yake? Mutu akiwa mu njia, ukimulilia, machozi inafuta njia yake. Hataiona tena."

Majirani walikwisha kuanza kuja na mikeka ya matanga. Mukaka akawashukuru mmoja mmoja, akawarudisha makwao na mikeka yao.

Jioni hiyo aliniita. Aliniambia kwamba zamani, msafiri akichelewa, mama yake alimwita kwa jina jua likizama, na mtu wa damu yake alimwitikia kwa niaba yake. Jina la mtu halipaswi kubaki hewani bila mwenyewe. Lisipoitikiwa, kitu kingine cha porini huliokota. Mdogo wangu alikuwa bado hajui kusema vizuri, kwa hiyo kazi ikawa yangu.

Nilisimama chini ya shamba, kati ya mibuni, karibu na njia inayotoka barabarani. Mukaka alisimama juu, mbele ya nyumba, akaweka mikono kando ya mdomo.

"Paluku eee!"

Na mimi, mtoto wa kike ambaye hata jina la baba yake hakuthubutu kulitamka, nikajibu kama nilivyofundishwa: "Niko mu njia, Mama! Niko nakuya!"

Ningeifanya kazi hiyo bila shida kama si Masika, binti ya Papa mudogo, yaani mdogo wake Papa. Alikuwa mkubwa kwangu kidogo na alijua mambo mengi ya kutisha. "Ukimuitikia mutu amekufa," aliniambia tukiteka maji, "atasikia. Atakuya kukubeba." Tangu hapo kila jioni miguu yangu ilikuwa baridi kama ya chura. Niliitikia, kisha nikapandisha mbio hadi nyumbani bila kugeuza shingo.

Papa mudogo alikuwa shemasi. Hakupendezwa hata kidogo. Alivumilia jioni za kwanza, kisha akaja kuzungumza na mama yake, Biblia kwapani.

"Mama, sisi ni batu ba kanisa. Hii mambo ya bapagano tuliiachaka zamani. Acha tufanye maombi ya matanga, na shemeji alie. Vile anakaa, atapasuka."

Leo naona hakuwa amekosea. Mama alikuwa anapasuka kweli. Siku zile alikata vitunguu vingi kuliko chakula chetu kilivyohitaji. Alikaa jikoni, kisu mkononi, machozi yakimtiririka, na mtu akiingia alisema, "Hivi vitunguu ni vikali."

Mukaka aliigusa Biblia ile kwa kidole. "Biblia yako inasema nini juu ya mama yako?"

Papa mudogo akatazama chini. "Inasema nimuheshimu."

"Basi, kaa chini."

Akakaa. Na tangu siku ile kila jioni alikuja, akasimama nyuma ya Mukaka wakati wa kuita. Hakuita, hakuitikia, hakukemea.

Noeli ikakaribia hivyo hivyo. Mkesha wake ulikuwa na mvua nyepesi, na nuru ilikuwa bado juu ya migomba. Kutoka kanisani tulisikia kwaya ikijaribu nyimbo. Nilishuka mahali pangu, nikashika tawi la mbuni.

"Paluku eee!"

Nikavuta pumzi. Kabla sijafungua kinywa, sauti ikatoka chini, upande wa njia, nzito, yenye mikwaruzo:

"Niko mu njia, Mama! Niko nakuya!"

Sikusubiri kuona ni nani. Kwangu neno la Masika lilikuwa limetimia. Nilipandisha mbio nikipiga kelele, nikaanguka, nikainuka, nikamgonga Papa mudogo kwenye magoti, naye akanishika. Nilimsikia moyo ukimpiga. Mukaka peke yake hakusogea. Aliita tena, taratibu, kama mtu anayejaribu ubao kabla ya kuukanyaga.

"Paluku?"

"Ni mimi, Mama. Hapana ogopa."

Akatokea kati ya mibuni. Alikuwa na ndevu, shati limepasuka begani, mguu mmoja una kiatu na mwingine umefungwa kitambaa. Mukaka alimgusa kichwa, akamgusa mabega, akainama akagusa na miguu yake yote miwili. Kisha akampiga kofi la mgongo.

"Umechelewa!"

Hapo Mukaka akakaa kwenye matope. Akamtafuta Mama kwa macho, akamwona amesimama mlangoni mwa jikoni, hawezi kuja wala kurudi.

"Sasa lia, mutoto yangu," alimwambia. "Lia yote."

Mama akalia. Sijasikia tena mtu akilia vile, na sote tulilia naye, na majirani waliokuja mbio wakidhani msiba umethibitika walimkuta marehemu wao anakunywa maji.

Papa alitueleza baada ya kula. Milio ya bunduki ilipoanza aliruka akaingia porini. Huko alimkuta mama mmoja mzee, abiria mwenzake, aliyekuwa anaenda kwa binti yake Mangina na hakuweza kutembea haraka. Walizunguka kwa njia za mashambani, wakijificha, wakilala kwa watu waliowahurumia. Kwenye mito alimbeba mgongoni. Hakumwacha mpaka alipomkabidhi kwa binti yake.

"Lakini ungetangulia," Papa mudogo alisema. "Sisi huku tulikuwa tunakufa."

"Nitakula Noeli na mama yangu, na mama ya mwenzangu nimemuacha mu pori?"

Papa mudogo akamwongezea maji. Nilimwuliza Papa ilikuwaje akajua la kuitikia. Alicheka. Akasema alipokuwa mtoto, Mukaka alimsimamisha pale pale kati ya mibuni, amwitikie baba yake aliyechelewa safarini.

Kesho yake Mzee Saidi alisikia habari akaja, akamkumbatia Papa. Mukaka akampa kisu na jogoo. "Chinja wewe, ndio tukule sisi bote." Akachinja, tukala wote.

Watoto wangu huniuliza kama ni sauti yangu iliyomrudisha babu yao. Siwajibu ndiyo. Kwenye gari lile kulikuwa na wengine waliokuwa na mama, na siwezi kusema mama zao hawakuwaita vya kutosha. Najua tu kwamba Mama hakuwa mjane siku zile, hata saa moja, kwa sababu Mukaka alikataa.

Mukaka alipofariki, miaka mingi baadaye na kitandani mwake, nilikaa na Papa mudogo nje. Nilimwuliza kwa nini alikuja kila jioni, ilhali hakuamini.

"Niliogopa siku hautaitikia," alisema. "Mama angeanguka. Mutu alipashwa kuwa karibu."

Nimehubiriwa mara nyingi juu ya kuwaheshimu wazazi, na mahubiri mengine yalikuwa mazuri. Lakini nikitaka kulielewa neno lenyewe, namkumbuka shemasi yule amesimama kwenye mvua, kimya, hatua moja nyuma ya mama yake, mikono yake ikiwa tayari kumdaka.