Muokota Mpira wa Mtoni

Mnisamehe kwanza kwa mwandiko wangu mbaya na maneno niliyoyakosea. Niliishia darasa la saba na huandika polepole. Lakini wiki hii jirani amejenga ukuta mpya, watoto wakaanza kuupigia mpira, pu, pu, pu, nami nikaacha nguo kwenye beseni, nikasikiliza.

Kule Mtoni, mtaa niliokulia, tulicheza kwenye ukuta wa ghala la mbao. Raketi hatukuwa nazo. Tulivaa ndala mkononi, tukapiga mpira wa tenisi uliokwisha manyoya. Unapiga ukutani, mwenzako anaurudisha kabla haujadunda mara mbili. Wa kwanza kufika kumi ameshinda. Aliyeshindwa na bingwa anakuwa muokotaji: mpira ukitumbukia mtaroni anaufuata yeye, na harudi mchezoni mpaka amshinde bingwa. Nafasi ya kumjaribu ni moja tu kila jioni.

Bingwa alikuwa Mwajuma, aliyenizidi miaka miwili, mwenye mikono iliyozoea kutwanga kisamvu. Likizo karibu nzima nilikuwa mtaroni.

"Neema, wasalimie vyura," aliniambia kila niliposhuka, na wenzetu wakacheka.

Nilikuwa na haya, nikainama kuutafuta mpira. Niliogopa tu kwamba shule itafunguliwa nikiwa bado muokotaji, na jina hilo linifuate darasani.

Mama alizoea kusema macho hayana pazia. Basi nikawa natazama. Nilijiuliza kwa nini mipira ya Mwajuma inaangukia mbali vile. Nikagundua kuwa ukipiga kwa nguvu, ukuta nao unaurudisha mpira kwa nguvu, kwa hiyo yeye alisimama nyuma kuusubiri. Karibu na ukuta hakukuwa na mtu. Tena mpira ukienda kushoto kwake, aligeuka mwili mzima kuufuata kwa mkono wa kulia.

Jioni ya mwisho ya likizo sikushindana naye kwa nguvu. Nilipiga juu, taratibu, kushoto kwake, mpaka akarudi nyuma kabisa. Kisha nikaugusa mpira kidogo tu, ukaanguka chini ya ukuta kama andazi. Alikimbia, hakuuwahi.

"Piga kama mtu aliyekula," akasema.

Nikaugusa tena. Tulipofika tisa kwa tisa yeye alikuwa anahema, mie bado natembea. Pointi ya kumi ikawa yangu.

Hakuna aliyecheka. Mwajuma aliivua ndala mkononi, akaivaa mguuni, akaenda mtaroni bila ubishi. Nikacheza na wengine kwa furaha, hadi nilipogeuka nikamwona amechuchumaa ukingoni. Hakuwa akiutazama mpira. Alikuwa akitazama miguu yangu.

Nilihisi woga, sikujua wa nini. Kesho yake, tulipotoka shule, alinishinda kumi kwa tatu, kwa mipira ya polepole.

Ilinichukua miaka kuelewa. Tulidhani kuokota mpira ni adhabu, kumbe kule ndiko tulikofundishwa. Bingwa anacheza tu, hana muda wa kutazama.

Kama yupo kati yenu anayejua namna ya kumshinda mtu aliyekwisha kukutazama, aniandikie. Nitasoma polepole, lakini nitajibu.