Ile Waliyoiita Damu ya Walevi

Kwetu Chala watu walisema ukoo wetu una damu ya walevi. Babu alikunywa, baba akanywa mpaka pombe ikamzika, na kaka yangu, mkulima hodari kuliko sisi wote, akafuata njia ileile. Mimi sikuwahi kuonja, lakini nilipopata mimba ya kwanza hofu ilinikaa moyoni: nimembebea nini mwanangu?

Mwaka jana, nikiwa na mimba hiyo, kaka aliamua kuacha ghafla. Siku ya pili akaanza kutetemeka mwili mzima na kuongea na watu ambao sisi hatukuwaona. Mama akashika rozari. Mimi nikatafuta gari, tukamkimbiza hospitali Sumbawanga.

Daktari alimtuliza kwa dawa, akatuambia kwamba mnywaji wa miaka mingi akikatisha pombe bila uangalizi anaweza hata kufa. Kaka alipopata nafuu akamuuliza, "Daktari, huu si urithi? Mnahangaika nami ya nini?"

Daktari alivuta kiti akaketi. "Urithi upo. Ila vinasaba ulivyorithi havifanyi kazi vyote kwa pamoja. Mwili huviwekea alama: hiki kiamke, hiki kilale. Pombe ya muda mrefu huvuruga alama hizo hadi kwenye ubongo, ndiyo maana hamu inakurudia hata baada ya kuapa."

"Basi nimekwisha."

"Hujaisha. Baadhi ya alama hizo zinaweza kubadilika tena ukiacha na kutibiwa. Siwezi kukuahidi zote."

Nikajikaza, nikauliza la kwangu. Akanitazama tumbo, akatabasamu. "Mtoto anaweza kurithi wepesi wa kunaswa, dada. Ulevi wenyewe harithi. Malezi nayo yana nguvu."

Nililia palepale wodini, nikahisi mabega yamekuwa mepesi.

Haikuwa rahisi. Mama, aliyekuwa akipika pombe ya ulezi nyumbani, aliacha, akawa anauza ulezi wenyewe sokoni. Krismasi kaka aliteleza akanywa, ila kesho yake alipanda basi mwenyewe kurudi kwa daktari. Hakuna aliyemsukuma.

Juzi nilikwenda kuwasalimia na mwanangu mgongoni. Kaka aliingia kutoka shambani, jembe begani, akaita kabla hata hajanawa:

"Mama, shikamoo! Ugali upo? Njaa inaniuma kweli."

Mama, ambaye miaka yote ya ulevi wa kaka alimbembeleza ale, aliitikia marahaba huku tayari anakimbilia jikoni.