Vitabu vya Novemba na Chumba cha Kufulia

Siku yangu ya kwanza kazini, katika maktaba ya kitongoji cha Akalla, nilivaa suti ya harusi yangu na viatu vilivyong'aa mpaka ndege wa angani walifumba macho. Mkuu wa tawi, mama mrefu wa Kiswidi mwenye sweta na soksi za sufu, alinitazama juu mpaka chini.

"Karibu," akasema. "Naona umekuja kuifungua maktaba rasmi. Ilikwisha kufunguliwa zamani."

"Asante, Mheshimiwa Mkuu."

"Hapa tunaitana majina."

Jamani! Mtu wa Uvira amwite mkubwa wake jina tupu, kama anayeita mbuzi? Nilimwita Mkuu mpaka siku aliyostaafu.

Nilikuwa nimehitimu shule ya jioni. Mchana nilisafisha ofisi, jioni nilisoma Kiswidi, na Kiswidi kile kilinipa taya zenye misuli ya mpiga ngumi. Nilidhani kazi ya maktaba ni kupanga vitabu tu. Mkuu akanifundisha kuonyesha uso, yaani kusimamisha kitabu jalada likiwatazama watu, maana kitabu kilichogeuka ni kama muuza duka aliyewapa wateja kisogo. Akanifundisha na kuchuja, jambo linalouma: vitabu visivyo na waazimaji wa kutosha huondolewa rafuni, vingine vipate nafasi.

Ila kazi hasa ilikuja na Novemba. Majani yamekwisha, theluji haijafika, na saa tisa alasiri giza limeshuka, giza la kukunja ukaweka kabatini. Hapo watu huingia wakitafuta kitabu cha kuwavusha. Nikamuuliza mmoja, "Unapenda vitabu gani?" Mkuu akanivuta kando.

"Usiulize hivyo. Atakutajia alichosomeshwa shuleni. Muulize jioni yake ikoje."

Nawaambieni vijana, sentensi ile ilinilisha maisha yangu yote. Mwenye watoto wawili magotini nilimpa kitabu cha sura fupi. Anayekula peke yake nilimpa riwaya yenye familia kubwa, mashangazi wagomvi na masufuria yanayogongana. Wengine walirudi wakinikumbatia kama nimewatibu malaria.

Mkuu alipohamishiwa tawi la Norsborg aliniomba nifuatane naye. Kule nilimsihi mpaka tukapata rafu ya Kiswahili, ubao mmoja, mfupi kama kitanda cha mtoto. Niliupenda ubao ule kuliko mshahara. Vuli moja akaniita, uso umemwanguka.

"Bahati, mashine ya kuazimia inaonyesha ubao wako unaazimwa na watu wachache wale wale, na wanaongeza muda tu. Kabla ya Krismasi itabidi niuchuje. Wasomaji wako wako wapi?"

Usiku ule sikulala, na mimi hulala hata kwa daktari wa meno. Kesho yake nikaenda kwa Mama Sifa, mwanamke wa Bukavu niliyekuwa nimemchagulia riwaya nene ya upelelezi tangu kiangazi.

"Mama Sifa, kile kitabu hujakimaliza?"

"Kumaliza wapi, Papa Bahati? Ndiyo kwanza tuko sura ya saba."

"Mko? Wewe na nani?"

"Na jengo zima! Mimi nisome peke yangu, kisha nicheke na nani?"

Mnajua majengo ya hapa: kila moja lina tvättstuga, chumba cha kufulia huko chini, nanyi huweka zamu. Kumbe akina mama walikuwa wakipanga zamu zao zifuatane. Mashine zikizunguka, mmoja anasoma kwa sauti, wengine wanakunja mashuka. Kitabu hakipandi ghorofani, kinalala juu ya kikaushio. Na majengo ya jirani, kila moja na kitabu chake.

Nikampeleka Mkuu. Joto, mvuke, harufu ya sabuni, na Mama Sifa akipaza sauti kuzishinda mashine. Tulipoingia akanyamaza kwa heshima. Mkenya mmoja akaruka: "Ai, Mama Sifa, usisimame hapo! Mwambie huyo mgeni akae, tunataka kujua nani aliua!"

Mkuu akakaa juu ya kapu la nguo. Nilimtafsiria masikioni mpaka ulimi ukapata joto. Sura ilipokwisha nilijua ubao wangu umo mikononi mwake.

"Mashine yetu inahesabu kadi," akasema. "Haihesabu masikio." Kisha akaninong'oneza, "Ni yule mpishi, sivyo?"

Ubao ulibaki. Mwaka uliofuata akaagiza wa pili.

Sasa nimestaafu, naishi Hässelby, na goti limegoma, hivyo maktaba huniletea vitabu nyumbani. Novemba hii alikuja binti aliyezaliwa hapahapa, wazazi wake Wakenya, Kiswahili chake kinachechemea kama mimi.

"Mzee, jioni yako... ikoje?"

"Nani kakufundisha kuuliza hivyo?"

"Sote tunafundishwa hivyo," akajibu kwa Kiswidi.

Nikamwambia kweli: mke wangu bado anafanya zamu za jioni, nyumba ni kimya, saa ya ukutani inanipigia kelele. Akasikiliza. Juzi akarudi na riwaya nene, kurasa zimejikunja kwa mvuke. Nikainusa. Sabuni ya kufulia!

Nashukuru, jamani, nashukuru sana. Nimeweka zamu ya kufulia kesho kule chini, na majirani nimewaambia. Nguo chafu sina, kitabu ninacho.