Barafu ya Karamu

Wifi yangu alinichafulia jina kwa sababu ya mkate, na sikumsamehe. Washarika walidhani nimesamehe, maana nilimpa mkono mbele yao. Mkono ni mkono tu.

Kanisa letu lilikuwa nje kidogo ya Tunduma. Kila baada ya mavuno tulikuwa na karamu ya upendo: watu wanakaa kanisani, wanagawiwa chai na mkate, na hakuna anayeonja mpaka wote wapate na wimbo uishe. Mkate huo niliuoka mimi tangu nilipoolewa. Niliumua unga wa ngano kwa chachu ya ulezi, nikauweka kwenye sufuria iliyopakwa samli, makaa chini, makaa juu ya mfuniko. Kisha nilikaa pale pale, kwa sababu mkate wa makaa ukiupa mgongo unaungua.

Mume wa wifi aliuza katika duka la Mhindi pale Tunduma. Duka lilipopata friji la mafuta ya taa, wakaanza kuuza barafu ya sukari, nyekundu, katika vikombe. Niseme ukweli, ilikuwa tamu. Mara ya kwanza kuila, meno yaliniuma hadi utosini, na bado nikalamba kikombe. Nilichokichukia ni mdomo wa aliyeniletea.

"Wifi, siku hizi nani bado anakula moshi?" aliniambia.

Hilo ningelimeza. Lakini akaenda kumnong'oneza mzee wa kanisa kwamba chachu yangu ni machicha ya pombe. Kwetu Mkristo aliyeshika pombe alitengwa. Mzee akaniita, akasema kwa upole kwamba mwaka huu, ili kuepusha maneno, karamu italiwa kwa barafu, na wifi ndiye atakayeileta. Nilirudi nyumbani nikilia kwa hasira. Kuniondolea mkate ilikuwa sawa na kunitangaza mlevi.

Nyimbo hawakuniondolea. Mwanzishaji wa nyimbo bado nilikuwa mimi.

Siku ya karamu barafu ilikuja kwa baiskeli, ndani ya sanduku lenye maranda, limefunikwa magunia. Wifi akaigawa mwenyewe, shingo juu, gauni jipya. Jua lilikuwa limeshika bati la paa. Kila mtu akawa na kikombe mkononi, macho yote kwangu.

Nikaanzisha wimbo mrefu kuliko zote nilizozijua, taratibu, kama tunavyoimba msibani. Kila ubeti ulipoisha nilirudia kiitikio. Watu wakaanza kuchungulia vikombe. Wifi akanikazia macho, nami nikafumba yangu kwa uchaji. Nani atamkatiza mtu anayemsifu Mungu? Ulipoisha ule nikaanzisha mwingine, na mzee wa kanisa akaitikia kwa sauti kuliko wote. Nilijua anaupenda.

Tulipofika kwenye amina, vikombe vilikuwa na maji mekundu ya vuguvugu. Watu wakayanywa kwa adabu. Bikizee mmoja akauliza mkate uko wapi.

Ulikuwa nje, kwenye kapu, chini ya kanga yangu. Nilikuwa nimeoka tangu alfajiri bila kumwambia mtu. Mzee akakata kipande, akakinusa mbele ya wote, akala, akaomba kingine. Neno la pombe halikusemwa tena siku ile wala baadaye.

Nikagawa mwenyewe. Wifi nilimfikia mwisho, nikampa kipande cha chini kilichoshika makaa. Tangu asubuhi alikuwa akihangaika na sanduku lake, hajatia kitu tumboni. Alikila chote, na makombo akayaokota kwenye gauni.

"Umebaki, wifi?" akaniuliza, sauti chini.

"Umekwisha, wifi," nikamjibu.

Kapu lilikuwa bado zito. Nililibeba hadi nyumbani nikiimba kiitikio kile kile.