Kabla Hujanunua Bastola ya Baruti

Ipo siku moja ninayoikumbuka kila nikisikia mlio wa baruti, mwanangu, na Jumapili uliponionyesha zile picha mbili kwenye simu yako hapa Mbwawa, ilinirudia yote. Nakuita mwanangu ingawa mimi ni mjomba wako, kwa kuwa kwetu mtoto wa dada ni mtoto hasa. Uliniuliza ipi kati ya bastola zile mbili uinunue. Nilifumba macho, ukadhani nimesinzia. Sikusinzia. Jibu langu lilikuwa refu, na wewe ulikuwa na haraka ya kurudi mjini. Leo nimeamua kukuandikia, na sitaweka kalamu chini mpaka nimalize.

Nimekuelewa unachokitaka. Umejiunga na wenzako mnaolenga shabaha za karatasi kwa kujiburudisha, na mmezipenda bastola za mtindo wa kale zinazotengenezwa upya viwandani: silinda ya matundu sita, kila tundu unalishindilia baruti nyeusi na risasi ya mviringo kwa mkono wako, kisha fataki ya kuiwasha nyuma yake. Sina ugomvi na burudani hiyo. Sisi tumekua na gobore, nalo hushindiliwa vivyo hivyo, ila lina tundu moja. Kilichonichoma ni maneno yako ulipofika kwenye ile yenye fremu ya shaba inayong'aa. Ulisema, "Mjomba, hii ni kali. Ikilia, uwanja mzima unageuka."

Maneno hayo niliyasema mimi kabla wewe hujazaliwa.

Tulikuwa tunaishi Kurui, na dada yangu Tabu, ndiye mama yako, alikuwa anaolewa Mzenga. Katika ukoo wetu bibi harusi akitolewa mlangoni, kaka yake husimama naye bega kwa bega, akapiga gobore juu mara moja, ili hata waliobaki mashambani wajue binti wa watu ameondoka kwa heshima. Baba alikuwa amekwisha kufariki na gobore lake limeliwa na kutu, kwa hiyo kutafuta jingine kuliniangukia mimi. Nilikuwa kijana, sina ndevu za kutosha, lakini kiburi kilinitosha na kubaki.

Sasa sikia tulivyokuwa sisi vijana wa Kurui. Gobore hatukulichagua kwa kulikagua, tulilichagua kwa kulisikiliza. Fundi wa magobore alitia baruti tupu, akapiga, na lile lililotikisa makuti ya paa ndilo tulilolisifu. Mwenye gobore la sauti ndogo alitaniwa mpaka ajute. Debe tupu haliachi kuvuma, wazee walituambia, nasi tulicheka tukaendelea kuongeza baruti.

Fundi niliyemwendea, ambaye sitamtaja kwa kuwa ana wajukuu wazuri, alinitolea mawili. Moja lilikuwa jeusi, mtutu mnene, kitako cha mti usiopakwa hata mafuta. La pili lilikuwa limevishwa waya wa shaba uliosukwa vizuri kuzunguka mtutu, linang'aa kama mkufu wa mwali. Alipolipiga lile la shaba, kuku wa jirani walitawanyika. Sikutazama tena lile jeusi. Kipya kinyemi, ingawa kidonda.

Siku ya harusi nilivaa kanzu nyeupe, nikalishika gobore langu, nikajiona mkubwa wa Kisarawe nzima. Shehe alikuwa amekwisha kufungisha ndoa, wageni wa Mzenga wamejaa uani, Tabu yuko ndani anafunikwa kanga. Hapo akaja Mjomba Kondo, kaka yake mama, mtu wa maneno machache. Akauliza kama gobore limefungwa kisikini likajaribiwa. Nikamjibu kwamba halijafungwa, ila limelia vizuri kwa fundi. Akaniambia kwamba bunduki ngeni haishikwi mkononi karibu na watu kabla haijajaribiwa peke yake, na mbele ya mpwa wake Tabu haitapigwa.

Nilikasirika, mwanangu, nikaona ananidhalilisha mbele ya wageni. Lakini mjomba kwetu ni mjomba. Tukaenda nyuma ya nyumba, akalifunga gobore kwenye kisiki, akanitaka niweke kipimo kilekile nilichokusudia kupiga mlangoni. Nikatia baruti mara mbili ya kawaida, maana ndivyo nilivyokusudia. Mjomba akafunga kamba kwenye kifyatulio, tukajificha nyuma ya kichuguu, akavuta.

Mlio ulikuwa mkubwa ajabu. Uani walishangilia, wakadhani ndiyo salamu yenyewe. Nikatoka mbio nikalikuta gobore zima, halijapasuka, nikamgeukia mjomba kwa ushindi. Yeye akanipa kisu chake, akasema, "Fungua waya."

Nikagoma. Nikamwambia nimelinunua kwa ajili ya huo waya.

"Umechagua bunduki kwa sikio," akasema. "Sikio halishiki mtutu, mkono ndio unaoshika. Fungua."

Nikafungua. Chini ya shaba palikuwa na ufa mrefu kama kidole, mweusi kwa moshi wa zamani, na pembeni yake moshi mpya ulikuwa bado unatoka. Yule fundi hakusuka pambo, alisuka bandeji. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Nikakaa chini na kanzu yangu nyeupe kwenye vumbi.

Mjomba hakunicheka. Aliniuliza tu nitafanya nini, maana wageni wanangoja. Palikuwa na jirani mwenye gobore ambalo hatukulijua, ningeweza kuliazima. Palikuwa na hilohilo langu, na baruti kidogo tu, nani angejua? Nikainuka, nikasema hapana kwa yote mawili. Nadhani hiyo ndiyo saa niliyopata utu uzima.

Nikaenda mlangoni mikono mitupu. Kwa wageni palikuwa na Mnyamwezi mmoja aliyehamia Mzenga, mtani wetu, akapaza sauti akiuliza tangu lini Wazaramo wanaogopa vyuma vyao wenyewe. Watu walicheka sana. Uso uliniwaka, lakini nilisimama palepale. Nikawaambia bunduki niliyoichagua ni mbovu, na dada yangu ataondoka leo bila mlio mlangoni. Kicheko kikakatika. Ndipo Tabu akasema kutoka ndani ya kanga zake, wala hakunong'ona, "Kaka, mimi naolewa, siendi vitani. Twende."

Wanawake wakapiga vigelegele, na vikasikika shambani vizuri tu.

Basi mwanangu, jibu lako ni hili, na silibadilishi. Iache ile ya shaba. Shaba ni laini. Ukiipiga kila wiki kwa baruti nyingi, inatanuka kidogo kidogo usione, mpaka silinda inalegea. Chukua ya fremu ya chuma, na ikiwezekana ile yenye daraja la chuma linalopita juu ya silinda, hata kama rangi yake ni ya sufuria iliyoungua. Usitafute ya risasi kubwa kuliko zote, karatasi haikimbii. Kabla hujafika kwa muuzaji, pata kibali cha polisi, maana silaha bila kibali ni kesi. Ukifika, usikubali kupigiwa mlio. Mtake aifungue mbele yako, angalia ndani ya mtutu na kila tundu, zungusha silinda usikilize kama inakaa sawasawa. Akikataa kuifungua, muage kwa adabu urudi nyumbani. Utie baruti nyeusi tu, kwa kipimo cha kiwanda, na midomo ya matundu uipake grisi ili moto wa tundu moja usirukie la jirani. Ukimaliza kupiga ioshe siku hiyohiyo kwa maji ya moto, uikaushe, uipake mafuta, kwa sababu masizi ya baruti hula chuma. Na wenzako wakikucheka kwa bastola yako isiyong'aa, simama palepale. Kicheko hakijatoboa mtu jicho.

Unaweza kuniona mzee mwoga. Lakini ile desturi nimeshakueleza, bega kwa bega. Ufa ule ulikuwa upande wa kushoto wa mtutu, na kushoto kwangu ndipo mama yako angesimama. Nisingekuwa na mpwa wa kumwandikia leo.

Nenda ukanunue, nimekuridhia. Mwenyezi Mungu akupe jicho linaloona chini ya mapambo, akupe moyo wa kusema hapana watu wakiwa wanangoja, na akufikishe kwenye uzee ukiwa na macho yako mawili na vidole vyako vyote. Amina.