Nilivyompelekea Mwadime Msiba kwa Pikipiki

Nilisafiri kutoka Toronto hadi Thunder Bay kwa sababu ya adabu. Naliandika neno hilo leo na linanichoma. Ilikuwa Jumapili asubuhi, mwezi wa sita, katika miaka ya tisini, wakati simu kutoka nyumbani ilikuwa bado inashtua nyumba nzima. Tulikuwa tunajiandaa kwenda kanisani, ghorofa ya kumi na moja katika mtaa wa Jane na Finch, mke wangu Mama Wakesho akinipigia shati pasi. Mpigaji alikuwa Mjomba Righa, kutoka Voi. Mama mkubwa alikuwa amefariki usiku.

"Maziko ni Jumamosi," alisema. "Mwadime asiambiwe kwa simu. Wewe ndiye mkubwa huko. Nenda umwambie ana kwa ana, umshike."

Mwadime ni binamu yangu, mwana wa pekee wa marehemu. Mama yake na mama yangu ni dada, tukalelewa nyumba moja, tukala sahani moja, na mpaka leo ananiita kaka. Wakati huo alikuwa akihudumu katika nyumba ya wazee Thunder Bay, kilomita elfu moja na mia nne kutoka kwangu. Nyinyi mlio nyumbani mnaijua desturi yetu Wataita: mtu hapigiwi simu akaambiwa mama yake amekufa. Anaendewa. Anakalishwa, anakunywa chai kwanza, ndipo anaambiwa, na mwenye kumwambia awe wa damu.

Mama Wakesho aliweka pasi chini. "Basi la kaskazini linaondoka leo jioni," alisema. "Au mpigie pasta wa huko aende kwake sasa hivi."

"Habari ya mama mkubwa ipitie kinywa cha Mzungu?"

"Ipitie popote, mradi ifike. Mwenzako ana ndege ya kuwahi."

Nilimwambia haya ni mambo ya Kitaita na yeye ni mtu wa Kitui. Alirudi kwenye pasi yake.

Sasa niseme ukweli ambao siku ile sikuusema. Sikupanda basi kwa sababu nilitaka kupanda pikipiki. Nilikuwa na Honda kuukuu, na wiki mbili kabla ya hapo nilikuwa nimefungiwa kibano cha mafuta. Kazi yangu ilikuwa kiwandani, kufunga skrubu za viti vya magari kwa bisibisi ya umeme, na mkono wangu wa kulia ulikuwa ukifa ganzi nikiendesha zaidi ya saa moja. Kibano hicho ni pete ya chuma yenye kiwiko kidogo, inafungwa kwenye mshiko wa mafuta. Ukishapata mwendo unaoutaka, unasukuma kiwiko kwa kidole gumba, mshiko unabaki pale pale, nawe unaweza kuuachia mkono upumzike. Nilikuwa nimewatangazia watu wote kanisani kwamba kiangazi hiki nitakwenda mbali. Msiba ukanipa safari niliyokuwa nikiitafuta. Ndivyo nilivyokuwa.

Jumatatu saa tano asubuhi ndipo nilipoondoka, badala ya saa kumi na mbili nilivyopanga. Kwanza nilipitia St. James Town kwa Papa Bahati, fundi kutoka Bukavu aliyekuwa akitengeneza pikipiki za watu kwenye maegesho ya chini ya jengo lao. Ndiye aliyekifunga kibano, na nilitaka akikague. Alikikaza, akakilegeza, akazungusha mshiko mara tatu.

"Ndugu yangu, hii kitu inakamata mafuta pahali utaiacha," alisema. "Ukiacha makumi munane, itakamata makumi munane. Lakini haina macho. Haijuwe kwenye unaenda."

Nilicheka, nikamwambia ninakokwenda nakujua mimi.

Baada ya Barrie magari yalipungua, nikakijaribu kwa mara ya kwanza katika barabara ndefu. Nilipofika kilomita tisini nilisukuma kiwiko, nikauondoa mkono wangu wa kulia taratibu, kama mtu anayemwachia mtoto asimame peke yake. Pikipiki ikaendelea. Niliutikisa mkono, nikaukunja na kuukunjua, damu ikarudi vidoleni. Nilifurahi! Mama mkubwa yuko mochari, nami naimba ndani ya helmeti. Miamba ya rangi ya waridi ilipita kushoto na kulia, na misonobari, na vijiziwa vidogo vyeusi visivyohesabika.

Furaha ile ilidumu hadi Parry Sound. Niliposimama kutia mafuta nilianza kuyapanga maneno nitakayomwambia. Mwadime akiwa mdogo alikuwa akilia mama yake akienda tu sokoni. Nitamwambiaje? Nilipanda tena, nikaongeza mwendo, na safari hii nilisukuma kiwiko kwenye kilomita themanini. Sheria iliruhusu tisini. Nilijiambia ni kwa usalama.

Sudbury nililala mapema katika hoteli ya kando ya barabara. Mwenye hoteli, mama wa Kizungu mwenye miwani, aliniuliza kama ni safari ya starehe. Nikamwambia ndiyo.

Jumanne niliondoka saa tatu, nimekunywa kahawa vikombe viwili ambavyo sikuvihitaji. Barabara ya kwenda Sault Ste. Marie ni nyoofu kwa sehemu kubwa, na hapo ndipo kibano kinaponoga: mashamba, mabanda mekundu, farasi, na mwendo haupandi wala haushuki. Ukiendesha kwa mkono, mkono unasema. Ukiwa na haraka unakaza, ukiogopa unalegeza, nawe unajijua. Kwa kibano nilikaa pale juu kama abiria. Malori yalinifuata yakiniwashia taa, yakapita kwa hasira. Katika mgahawa mmoja dereva wa lori alinijia mezani, mtu mzima mwenye ndevu, akaniuliza kwa upole kama pikipiki yangu ina hitilafu, kwa vile nilikuwa nikitambaa. Nikamwambia haina. Akatikisa kichwa akaondoka.

Mchana, Sault Ste. Marie, nilimpigia Mwadime kutoka kibanda cha simu. Alikuwa akifanya zamu ya usiku, kwa hiyo nilijua nitamkuta. Nilimwambia niko njiani nakuja kumtembelea.

"Kaka! Wacha utani! Na hiyo pikipiki?" Alicheka mpaka akakohoa. "Nitatafuta mbuzi. Kuna Mtaliano anafuga. Nyumbani wazima?"

Hapo ningeweza kusema. Sarafu zilikuwa bado mkononi, hakuna aliyesubiri simu nyuma yangu. Saa zile ndege ya kutoka Thunder Bay ilikuwa haijaondoka.

"Hawajambo," nilisema. "Wote hawajambo."

Nilitoka kwenye kile kibanda nikijiona mtu mzima aliyeubeba msiba kwa heshima.

Kutoka hapo barabara inaandamana na Ziwa Superior, na kama kuna mahali pa kumfanya mtu asahau anakokwenda, ni pale. Ziwa halina ng'ambo. Upepo wake ni wa baridi hata mwezi wa sita, na vilima vinashuka hadi kwenye maji ya kijani. Nilisimama mara nne. Nilitupa mawe majini. Nilikaa juu ya gogo kwa muda wa saa nzima, mainzi weusi wadogo wakininyonya shingo, nikisema moyoni kwamba napumzisha mkono. Mkono wenyewe ulikuwa umepumzika tangu Barrie. Jioni nilifika Wawa, nikapita chini ya lile sanamu lao la bata bukini, nikatafuta chumba.

Jumatano saa tatu asubuhi niliondoka Wawa. Ilinyesha mvua ya rasharasha hadi White River, kisha jua likatoka, barabara ikawa kavu na tupu. Hapakuwa na sababu ya kwenda polepole. Nilikiweka kibano kwenye sabini na tano. Nasema sabini na tano, na hakuna aliyenilazimisha. Marathon nilikula mayai. Nipigon nilisimama darajani kuangalia mto. Kila niliposimama niliutazama mkono wangu na kuona haujafa ganzi.

Saa kumi na nusu niliegesha mbele ya nyumba ya Mwadime. Alitoka mbio na aproni, mikono ina unga.

"Kaka! Karibu, karibu! Kumbe hilo dudu linafika!"

Alinikumbatia huku akinipiga mgongo. Ndani palinukia mbuzi. Alikuwa amebadilishana zamu ili tukae pamoja, akasonga sima, akakata sukuma wiki aliyoipanda mwenyewe nyuma ya nyumba. Nilifanya kila kitu kama nilivyofunzwa. Nilisubiri chai ichemke. Nilimwacha ale. Alinisimulia habari za wazee wake wa pale kazini, nikacheka panapotakiwa kuchekwa. Ndipo nikasogeza kiti, nikamshika mikono yote miwili, nikamwambia.

Hakulia.

"Lini?"

"Jumamosi usiku."

"Leo Jumatano."

"Ndiyo, ndugu yangu. Mjomba alisema nije mwenyewe."

"Maziko lini?"

"Jumamosi hii."

Aliichomoa mikono yake kwenye yangu, akaenda kwenye simu ya ukutani. Alizungumza na watu wa ndege kwa sauti ya kazini, ya adabu, akaandika kitu kwenye bahasha. Kisha akaziba simu kwa kiganja, akanigeukia.

"Ya leo imeondoka saa tisa. Ya kesho asubuhi imejaa. Wananipa ya kesho saa tisa."

Alipokata simu alibaki amesimama vilevile, ananipa mgongo.

"Jana uliponipigia, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Nikakuuliza kama nyumbani wazima."

"Ulikuwa peke yako, Mwadime. Nani angekushika?"

"Nilikuwa na ndege, kaka. Ndege ya jana, na ya leo."

Akageuka. Mezani nilikuwa nimemwambia nililala Wawa, na njia ile anaijua, ameiendesha mara nyingi kwa gari lake.

"Leo umetoka Wawa saa ngapi?"

"Saa tatu."

Nilimwona akihesabu. "Umekaa njiani saa saba na nusu, kutoka Wawa? Ulikuwa unaisukuma?"

Nilitaka kumwambia habari za mvua, na mkono wangu, na madereva wa malori. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tena. Yeye aliondoa sahani mezani, akaosha vyombo vyote, na sufuria ya mbuzi akaikwangua ndani ya pipa la taka.

Alhamisi nilimsindikiza uwanja wa ndege kwa gari lake. Alinipa ufunguo niurudishe kwa jirani. Nilimkumbatia, yeye alisimama tu mpaka nilipomaliza.

Nilirudi Toronto kwa siku mbili. Kibano nilikilegeza na sikukigusa, nikaendesha kwa mkono wangu, kilomita mia moja kwa saa, vidole vikifa ganzi na bega likiwaka moto. Njia ile ile iliyonichukua siku tatu ilikuwa fupi. Ziwa sikulitazama. Ijumaa jioni nilikuwa Jane na Finch, na Mama Wakesho alipofungua mlango aliuliza neno moja tu.

"Atawahi?"

"Sijui," nilisema, ingawa saa nilikuwa nimekwisha kuzihesabu njia nzima.

Hakuwahi. Mjomba Righa alinieleza mwenyewe. Ndege ilitua Nairobi saa tano na nusu Jumamosi, Mwadime akakodi gari. Watu walimngojea, jeneza likiwa kivulini, mpaka saa kumi. Padri alikuwa na misa nyingine upande wa pili wa kilima. Wakamzika. Mwadime alifika saa kumi na mbili, watu wanakunja viti. Mjomba alinilaumu kidogo, kisha akajilaumu yeye kwa kunituma, na hilo ndilo lililoniuma zaidi, kwa sababu yeye alinituma niende, hakunituma nichelewe. Desturi ile ni nzuri ukiwa unakaa kilima cha pili, unaweza kutoka na fimbo yako ukafika kabla chai haijapoa. Mimi niliichukua nikaifanya mahali pa kujificha. Niliogopa uso wa Mwadime, nikaiita hofu hiyo heshima, na chuma kikanisaidia nisijione ninavyochelewa.

Mwaka ulipita hatujazungumza. Nilisikia kwa watu kwamba alikuwa amewaambia wa nyumbani: habari yoyote ya kuja Canada ianzie kwake, isipitie kwangu.

Kisha asubuhi moja ya Jumanne, najitayarisha kwenda kiwandani, simu ikalia. Niliijua sauti kabla hajajitaja.

"Kaka, mama mdogo amefariki alfajiri ya leo. Mjomba amenipigia sasa hivi."

Mama yake mdogo ni mama yangu. Nilisikia Mama Wakesho akiniuliza ni nani.

"Unanisikia? Usikae chini bado. Kuna ndege leo jioni, nimekushikia nafasi, jina lako lipo. Pasipoti yako iko wapi?"

"Kabatini."

"Itoe. Nitangoja hapa hapa kwenye simu."

Nilikwenda nikaitoa. Niliporudi alikuwa bado yupo, namsikia akipumua. Nikamwambia ninayo. Nikaanza kumwomba msamaha, nikawa nalia tu.

"Lia ndani ya ndege," alisema. "Nenda."

Nilifika nyumbani siku mbili kabla ya maziko. Nilimvisha mama viatu, nikalishika jeneza upande wa kichwani, nikatupa udongo wa kwanza kwa mkono huu wa kulia. Kaburi la mama mkubwa liko hatua tatu kutoka pale, na mwanawe hakupata kutupa hata ule wa mwisho.